Dar es Salaam Hadi Kibondo: Umbali wa Rula na Umbali wa Tope



Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alitupa ramani na rula tupime umbali wa Dar es Salaam hadi Kigoma. Jibu lilikuwa karibu kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka. Nilipata vema, nikadhani nimekwisha kuujua umbali wa kwetu.

Historia ya safari hiyo ni ndefu. Wazungu Burton na Speke, pamoja na wapagazi wao, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, yaani karibu miezi minane. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na miezi ikageuka kuwa siku. Lakini reli haikupanda milimani kwetu. Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo waliokwenda kukata mkonge, wale walioitwa manamba, waliteremka kwanza kwa miguu ndipo wakaliona gari moshi.

Baadaye ndege nazo zikaja. Desemba 1981 nilikuwa nasoma Dar es Salaam nilipopokea telegramu: baba hajiwezi, njoo upesi. Binamu yangu alikopa nauli ya ndege. Niliondoka asubuhi kwa ndege ya pangaboi, na mchana nikawa Kigoma. Nilimshukuru Mungu, kwani kutoka hapo hadi Kibondo, kwa rula ile ile, hazifiki kilomita 200.

Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Lori nililopanda lilinasa kwenye tope kabla ya Kasulu, tukalala humo. Usiku wa pili nililala Kasulu nikingoja gari jingine. Siku ya tatu tulisukuma kuliko tulivyopanda. Nilifika nyumbani jioni, baba akiwa amezikwa jana yake.

Baba mdogo aliniuliza, "Mwanangu, Dar umetoka lini?"

"Juzi asubuhi, baba."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe Dar ni karibu. Kigoma ndiyo mbali."

Siku hizi mambo yamebadilika. Ndege za Dash 8 Q400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, zaweza kuruka mwendo ule kwa muda wa saa mbili hivi, na lami imezidi kusogea katika nyanda zetu. Hata hivyo, ninyi wanafunzi, mkishapima kwa rula, ulizeni pia: kuna mto gani, mlima gani, na ni mwezi gani wa mvua?

Nanyi wahitimu wenzangu, andikeni mlivyosafiri kuja shuleni katika miaka yenu: siku ngapi, kwa chombo gani, mlilala wapi. Vijana hawa hawatayakuta hayo kwenye ramani.