Nani Alipasua Kuni za Treni?

Kama umewahi kukwama kwenye matatu iliyopata pancha barabara ya Namanga, unaijua jeki. Makanga anaisukuma chini ya gari, anapampu mkono wake juu-chini, juu-chini, na gari zima linapanda mos mos. Hakuna anayeshangaa. Abiria tumesimama kando tukiangalia saa.

Sasa ichukue nguvu hiyo uilaze chini. Upande mmoja weka bamba zito la chuma, upande wa pili kabari, na katikati yao gogo. Hapo umepata mashine ya kupasua kuni. Kitengela, mji wa mageti na madirisha ya kuchomelea, fundi akiwa na boriti la chuma, silinda iliyotolewa kwa tingatinga lililozeeka, pampu, tangi la oili na injini ndogo ya petroli, hana haja ya kuagiza chochote China. Anachomelea, anafunga hozi, anawasha. Gogo lililomshinda kijana mwenye shoka linalia kraa na kufunguka.

Tukiona kitu kama hicho tunasema fundi ana bongo. Ni kweli. Lakini sifa hiyo inatufanya tusahau swali la zamani zaidi: kabla ya mashine, kazi hii ilikuwa ya nani?

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Injini zake za mvuke zilikula kuni. Zilikula nyingi kiasi kwamba mwaka 1902 mikaratusi, ile tunayoita blugamu, ililetwa nchini ili treni zipate kuni. Kwa hiyo mti ambao leo unaona umepakiwa kwenye lori ukielekea jikoni kwa shule za bweni uliingia Kenya kama mafuta ya treni. Katika miaka ya 1910 tawi la reli likajengwa kutoka Konza hadi Magadi kufuata magadi ya ziwani, likapita Kajiado.

Kuni hazikujikata. Mtu aliinua shoka, akaliteremsha, akaliinua tena, siku nzima. Majina ya magavana na wahandisi tumeyakariri shuleni. Ya waliopasua kuni hatukufundishwa hata moja.

Huko Ulaya, ujuzi wa kuhamisha mzigo huo kutoka mgongoni ulikuwa tayari umeandikwa. Mfaransa Blaise Pascal, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza kwamba ukibana kimiminika kilichofungiwa, msukumo unasambaa kila upande kwa usawa. Sukuma pistoni ndogo, na pistoni kubwa iliyounganishwa nayo itasukuma kwa nguvu zaidi. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo. Shida yake kubwa ilikuwa kuvuja. Sifa ya kuliziba tundu hilo kwa kikombe cha ngozi, kinachojibana chenyewe presha ikipanda, kwa kawaida hupewa Henry Maudslay, fundi aliyekuwa ameajiriwa na Bramah. Hataza ikawa ya bosi. Ukiwa jua kali, hadithi hiyo unaijua hata kama hujawahi kuisikia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la karibu sentimita mraba 78. Oili ikisukuma kwa kilo 150 kwa kila sentimita mraba, kabari inapata msukumo wa zaidi ya tani 11. Ila hakuna cha bure. Pampu ikitoa lita 10 kwa dakika, pistoni hiyo itasonga kama sentimita 2 tu kwa sekunde. Nguvu umeinunua kwa muda. Na gogo nalo lina maoni yake: mkaratusi ulionyooka unafuata nyuzi zake na kufunguka vizuri, lakini mgunga wa Kajiado, ambao Wamaasai huuita oltepesi, ukiwa na nyuzi zilizopindana unaweza kuing'ang'ania kabari hadi injini ikohoe.

Ujuzi wa kuunganisha haya yote ulifikaje yadi ya Kitengela? Sehemu yake ilipita kwa mafundi wa Kihindi, ambao wasaidizi wao Waafrika waliangalia, wakajifunza, kisha wakafungua kazi zao Gikomba na Kamukunji chini ya jua lenyewe. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoipa sekta hii uzito, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Fundi akawa tegemeo la taifa, angalau kwenye karatasi.

Kisha ikaja Januari 2022. Minara ya umeme ilihujumiwa, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa miezi michache baadaye. Wezi wa vyuma wapo, na hasara yao ni kubwa. Lakini chuma chakavu ndicho msitu wa fundi. Ukiufunga wote kwa sababu ya mwizi mmoja, unamfungia pia anayechomelea.

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba mashine haimalizi mzigo. Inauhamisha. Ulitoka bega la mpasua kuni ukaingia kwenye oili, na pale yadi hatari yake inamwangukia aliye karibu na hozi. Hozi ikitoboka tundu dogo kama la sindano, oili inaweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo, mtu anapaka dawa na kurudi kazini, kumbe ni dharura ya kupasuliwa hospitalini siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mvujo hautafutwi kwa kidole. Unapitisha kipande cha katoni. Ndiyo maana pia valvu ya kupunguza presha si pambo la kuachwa mteja akilia bei, na mkono wa kuendeshea ukitengenezwa uhitaji mikono miwili, hakuna kidole kitakachobaki kwa gogo.

Kwa hiyo ukimwona fundi wa mashine kama hii, usimsifu bongo halafu uende. Mwambie achomelee maandishi kwenye boriti: jina lake, mwaka, na presha ya juu kabisa. Presha ni ya kumlinda atakayeitumia. Jina ni kwa sababu tayari tuna reli nzima iliyoendeshwa kwa kuni za watu tusiowajua.