Kabureta ya Honda ATC

Kabureta ya Honda ATC ni kifaa kinachochanganya petroli na hewa katika pikipiki za magurudumu matatu za kuendea mchangani, matopeni na kwenye theluji, ambazo kampuni ya Honda ya Japani ilizitengeneza kuanzia mwaka 1970 hadi 1987. Nyingi bado ziko hai Marekani na Kanada, mashambani, kwenye kambi za wawindaji na mikononi mwa watu wanaozikarabati kwa mapenzi tu. Mmiliki akilalamika kwamba yake haiwaki, haikai silensa (mwendo wa injini bila kupigwa resi) au inakata moto ikipigwa resi, lawama huiangukia kabureta. Lawama hiyo mara nyingi ni ya haki nusu. Kabureta imeziba kweli, lakini kilichoiziba kimetoka tangini. Na ikiendelea kusumbua baada ya kusafishwa, kwa kawaida kuna hewa inayoingia pasipostahili. Fundi asiyevifuata vyanzo hivyo viwili ataifungua kabureta ileile tena muda si mrefu.

Mashine yenyewe

Wazo lilitoka kwa wauzaji wa Honda nchini Marekani, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walitaka kitu cha kuuza wakati wa baridi, msimu ambao pikipiki za kawaida hazinunuliwi. Mhandisi Osamu Takeuchi alijaribu miundo yenye idadi mbalimbali ya magurudumu, akaishia kwenye matatu yenye tairi pana za inchi 22, zinazojazwa upepo kidogo sana kiasi kwamba ndizo zilizofanya kazi ya springi. Toleo la kwanza, US90, lilitoka mwaka 1970 kwa bei ya dola 595, na baadaye likaitwa ATC90. Injini yake ilikuwa ya silinda moja, mipigo minne, ujazo wa cc 89. Mwaka 1971 ikaonekana katika filamu ya James Bond, Diamonds Are Forever. Zikafuata ATC70, ATC110, ATC185, ATC200 na, mwaka 1981, ATC250R yenye injini ya mipigo miwili, iliyokusudiwa waendao mbio. Yamaha, Kawasaki na Suzuki nao wakaingia sokoni na zao.

Biashara hiyo iliishia mahakamani. Chombo cha magurudumu matatu hupinduka kirahisi kikikatishwa kona kwa kasi, na ajali zilizoua na kujeruhi watu, watoto wakiwamo kwa wingi, ziliifanya serikali ya Marekani kuwashtaki watengenezaji. Makubaliano ya mwaka 1988 yalisimamisha uuzaji wa vyombo vipya vya aina hiyo, na sheria ya mwaka 2008 ikazuia kuviingiza na kuviuza vikiwa vipya. Kwa hiyo hata ATC iliyo changa kuliko zote ina umri wa mtu mzima, na kabureta yake imeshafunguliwa na mikono mingi, mingine isiyo na subira.

Inavyofanya kazi

Kabureta za ATC ni za Keihin, nyingi zikiwa za aina ya slaidi inayovutwa moja kwa moja na waya wa resi. Dereva husukuma kiwiko cha resi kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, slaidi hupanda, na hewa inayofyonzwa na injini hupita kwa kasi kwenye koo la kabureta. Mwendo huo hushusha kanieneo mahali hapo, petroli ikavutwa kutoka kwenye bakuli lililo chini. Uwiano unaowezesha petroli yote kuungua ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito.

Katika nyingi hakuna pampu: petroli hushuka kutoka tangini kwa uzito wake, hupita kwenye koki, huingia bakulini. Humo, floti huinuka pamoja na mafuta na kuisukuma sindano fupi yenye ncha ya mpira, hadi mlango ufungwe. Mpangilio huu ni sahili na mzuri, lakini una hatari yake. Sindano isipofunga, hakuna kinachoyazuia mafuta isipokuwa koki.

Silensa huhudumiwa na jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Resi ikianza kufunguliwa, mkato ulio chini ya slaidi ndio unaotawala. Kuanzia robo hadi robo tatu ya resi, kazi ni ya sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi. Kuanzia hapo kwenda juu ni zamu ya jeti kubwa. Anayeujua mgawanyo huu hahitaji kubahatisha. Hubandika kipande cha utepe kwenye kiwiko cha resi, huchora alama za robo, nusu na robo tatu, kisha huendesha na kuangalia injini inasumbuka kwenye alama ipi.

Dalili na maana zake

ATC inayowaka kwa choki tu, na kuzima choki ikifunguliwa, inadai jeti ndogo isafishwe au inavuta hewa ya pembeni. Inayokaa silensa vizuri lakini ikakabwa ikipigwa resi kamili ina shida kwenye jeti kubwa, au mafuta hayafiki bakulini kwa kasi inayotakiwa. Silensa inayopanda yenyewe, au inayochelewa kushuka resi ikiachiwa, ni dalili ya hewa ya ziada, waya wa resi unaokwama au slaidi iliyochakaa. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huonyesha mafuta ni mengi. Plagi nyeupe huonyesha ni machache, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Petroli inayodondoka kwenye bomba la kumwagia ziada humpeleka fundi kwenye floti na sindano yake, lakini kuna kisa cha tatu kinachosahaulika. Ndani ya bakuli husimama kijibomba cha shaba cha kutolea ziada. Kikipata ufa, mara nyingi kwa sababu maji yaliganda bakulini wakati wa baridi, mafuta hutoka kwenye ufa huo hata kama floti haina kosa lolote.

Mafuta yaliyozidi hayaishii nje. Yanaweza kupita kwenye silinda yakaingia kwenye oili. Kabla ya kuwasha mashine iliyolala na koki wazi, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Ikiwa kinanuka petroli na oili imekuwa nyepesi kama maji, imwagwe yote kwanza. Hili halina mjadala, kwa sababu oili hiyo haiwezi tena kuzilinda beringi wala shafti ya kemu.

Kabla ya kuigusa kabureta

Hakikisha moto wa plagi ni wa buluu na wa uhakika. ATC90 za mwanzo zilitumia platini, nayo huchakaa. Pima nafasi ya vali, ambayo kwa ATC90 na ATC110 ni milimita 0.05 injini ikiwa baridi. Vali iliyobana huleta uwashaji mgumu unaofanana kabisa na jeti iliyoziba.

Kisha tangi. Tangi la bati lililokaa miaka bila kujazwa huota kutu ndani, na kutu hiyo hushuka ikiwa unga mwembamba unaoweza kupita hata kwenye chujio la koki. Isafishwe kwa siki au asidi ya sitriki, tangi lisuuzwe, likaushwe na lijazwe petroli mara moja kabla halijaanza kuota kutu upya. Mfuniko nao una tundu la kupitisha hewa. Tundu likiziba, mashine hukimbia vizuri kwa dakika kadhaa kisha hukata moto, na mfuniko ukifunguliwa husikika mvumo wa hewa ikiingia. Watu wamenunua kabureta mpya kwa sababu ya tundu hilo.

Chujio la hewa la sponji likizeeka humong'onyoka na chembe zake hufyonzwa ndani. Kuliondoa moja kwa moja si suluhisho, kwani injini ilipimiwa jeti ikiwa na sanduku lake la hewa na mfuniko wake.

Kufungua na kusafisha

Tatizo la kwanza ni skrubu. Skrubu za Kijapani za miaka hiyo zina msalaba wa umbo tofauti kidogo na ule wa bisibisi ya nyota ya kawaida, na bisibisi isiyokaa sawasawa huzichuna vichwa. Itumike ya kipimo cha Kijapani, igongwe polepole kwa nyundo ili ishike, ndipo izungushwe.

Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe ndani taratibu huku ukihesabu hadi itulie, ukaandike idadi hiyo. Usiikaze: ncha yake nyembamba inaweza kuvunjikia kwenye tundu, na hapo kabureta nzima huwa hatarini. Inapotoka, hesabu springi, washa na oringi ndogo. Oringi hiyo hupenda kubaki ndani, na watu huipulizia dawa ya kusafishia hadi ikavimba.

Jeti ndogo ndiyo roho ya kazi yote. Ni kipande kidogo cha shaba ya njano, na tundu lake lina upana wa takriban theluthi moja hadi sehemu nne za kumi za milimita. Petroli iliyolala hugeuka gundi ya rangi ya asali na kulifunika, na gundi hiyo ikishakauka haiondoki kwa kupulizwa. Iloweke, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, au waya wa gitaa ulio mwembamba kuliko tundu. Usitumie sindano ya kushonea wala keekee, maana tundu likipanuka kidogo tu jeti hiyo imekwisha. Ielekeze kwenye mwanga: lazima uone duara kamili. Ukiona nusu duara au mwanga uliofifia, hujamaliza.

Usafi wa jeti pekee hautoshi. Njia zilizotobolewa ndani ya mwili wa kabureta, pamoja na vitundu vidogo vilivyo karibu na ukingo wa slaidi, lazima zipitishe dawa na upepo hadi uone inakotokea. Vaa miwani, kwa sababu dawa hiyo hurudi usoni kwa nguvu.

Floti itikiswe sikioni. Ikisikika mafuta ndani, imetoboka. Sindano ikiwa na alama ya duara kwenye ncha yake ya mpira, ibadilishwe. Kimo cha mafuta hupimwa kwa kufuata kitabu cha toleo husika, maana vipimo havifanani.

Hewa ya pembeni

Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kizuia joto chenye oringi au gasketi. Mtu akikaza nati kupita kiasi, shavu la kabureta hupinda na hewa hupenya. Weka rula juu yake. Ukiona mwanga chini, lisuguliwe juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi linyooke. Kwa ATC250R jambo hili ni zito zaidi. Injini ya mipigo miwili hupata oili yake kupitia petroli, hivyo mafuta yakipungua ulainishaji nao hupungua, na pistoni hukwama. Sili za shafti zikivuja, hakuna jeti itakayoponya.

Kurekebisha

Injini ipate moto kwanza. Skrubu ya mchanganyiko iliyo upande wa injini hutawala petroli, kwa hiyo kuifungua huongeza mafuta. Iliyo upande wa chujio hutawala hewa, na kuifungua huyapunguza. Wengi hulichanganya hili wakaenda kinyume siku nzima. Anza kwa mzunguko mmoja na nusu, kisha sogeza robo kwa robo hadi silensa itakapokuwa juu na tulivu, ndipo uishushe kwa skrubu ya silensa.

Fundi wa bodaboda wa Dar es Salaam au Kisumu anayezijua kabureta za slaidi hatakuta kitu kigeni hapa. Sehemu ni zilezile na mantiki ni ileile.

Sokoni kuna kabureta za kuiga zinazouzwa kwa bei ndogo, na huvutia. Nyingi zina jeti zisizolingana na namba zilizochongwa juu yake, na sindano ambazo hazikukusudiwa injini hiyo. Keihin ya asili ambayo mwili wake haujapasuka, ikisafishwa na kuwekewa sindano ya floti, gasketi na oringi mpya, ni bora kuliko hizo. Usiitupe. Na kila unapoilaza mashine kwa zaidi ya wiki chache, funga koki, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli na umwage petroli yote kwenye chombo salama.