Selimundu: Ugonjwa wa kurithi unaogusa macho, uso, moyo na meno

SELIMUNDU, ambao wengi huuita siko seli, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Hauambukizwi, wala hautokani na laana au kijicho.

Katika Kaunti ya Kilifi, ugonjwa huu si mgeni. Kati ya mwaka 2006 na 2011, watafiti waliwapima huko watoto wachanga 15,737, na 128 miongoni mwao wakapatikana nao.

Chembe nyekundu za damu za mtu mwenye afya ni za mviringo na huishi takriban siku 120. Za mgonjwa hujipinda mfano wa mundu, hufa baada ya siku 10 hadi 20, na hunasa katika mishipa midogo. Hiyo ndiyo asili ya upungufu wa damu na maumivu makali ya mifupa.

Kwa mtoto mdogo, dalili ya mapema aghalabu ni kuvimba vidole vya mikono na miguu. Macho huwa ya manjano, na miaka ipitapo, mishipa iliyo ndani ya jicho yaweza kuziba na kuharibu uwezo wa kuona.

Uboho nao, katika jitihada za kuunda damu zaidi, huitanua mifupa. Paji la uso hutokeza, taya la juu husogea mbele na meno hukosa kukutana sawasawa. Moyo, unaolazimika kusukuma damu hafifu kwa kasi, hupanuka.

Kwa nini Pwani? Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, aligundua kwamba jeni ya selimundu imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ni adimu nyanda za juu. Mnamo 1954 alieleza sababu: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Watu wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kuzaliwa kwa mgonjwa mmoja hakuwaepushi wadogo zake.

Mtoto akitambuliwa mapema, mengi huwezekana. Penisilini ya kila siku hadi umri wa miaka mitano, chanjo na kinga ya malaria humwepusha na maradhi yanayoua upesi.

Ipo pia dawa ya haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto 606 katika vituo vinne vya Afrika, kikiwemo cha Kilifi. Matokeo, yaliyotangazwa Desemba 2018, yalionyesha kwamba maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua.

Upimaji huhitaji damu kidogo tu, na wachumba nao wanaweza kujipima kabla ya ndoa. Mzazi mwenye mtoto aliye na selimundu hapaswi kungoja kupambazuke anapopatwa na homa, anapopauka ghafla au tumbo linapovimba. Hizo ni dalili za hatari, na ni lazima afikishwe hospitalini mara moja.