Kikoa cha funksheni

Kikoa cha funksheni ni seti ya thamani zote ambazo funksheni inaweza kuzipokea na kuzitolea jibu. Funksheni yenyewe ni kanuni inayoichukua kila thamani ya kikoa na kuipa tokeo moja, wala si mawili. Seti ya matokeo ni jambo jingine, na anayeanza aljebra huzichanganya mara kwa mara: kikoa kinahusu kinachoingia, si kinachotoka.

Vitabu vingi vya shule hukigusa kikoa juu juu baada ya fomula kukamilika, kana kwamba ni nyongeza. Huko ni kukosea. Fomula bila kikoa haijawa funksheni, na funksheni mbili zenye fomula moja lakini vikoa tofauti ni funksheni mbili tofauti. Jambo hili huonekana wazi Busia na Malaba, miji miwili ya Kaunti ya Busia nchini Kenya inayopakana na Uganda, kwa sababu biashara ya huko huendeshwa kwa viwango vilivyoandikwa katika sheria: hadi hapa kanuni hii inatumika, ukipita hapa haitumiki tena. Mifano kadhaa ya makala hii imetoka huko.

Kutafuta kikoa kutokana na fomula

Fomula inapotolewa peke yake, bila maelezo mengine, huchukuliwa kuwa kikoa ni namba halisi zote isipokuwa zile zinazoifanya fomula ishindwe kutoa jibu. Katika aljebra ya mwanzo mambo yanayoleta shida ni mawili: kugawanya kwa sifuri, na kutafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Fomula kama 3x + 7 au x² − 5x haina hata moja kati ya hayo, kwa hiyo kikoa chake ni namba halisi zote.

Chukua f(x) = (x + 5)/(x² − 9). Namba ya chini ya sehemu haitakiwi kuwa sifuri, basi tunatatua x² − 9 = 0, yaani (x − 3)(x + 3) = 0, na kupata 3 na −3. Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa hizo mbili. Wengi huiondoa −5 pia kwa kuwa inaifanya namba ya juu kuwa sifuri. Hakuna sababu ya kuiondoa: sifuri ikigawanywa kwa 16 ni sifuri, na sifuri ni jibu halali kabisa.

Kwa g(x) = √(x − 4) kilichomo ndani ya kipeuo lazima kiwe sifuri au zaidi, kwa hiyo x ≥ 4. Kwa √(10 − 2x) tunahitaji 10 − 2x ≥ 0. Hapa njia salama ni kuihamisha 2x upande wa pili: 10 ≥ 2x, basi x ≤ 5. Anayegawanya kwa −2 asipokumbuka kuigeuza alama ataandika x ≥ 5. Kosa hilo hugundulika kwa kujaribu namba moja tu: weka 8, utapata kipeuo cha −6, na kikokotoo kitaandika kosa kwenye kioo. Kipeuo kikiwa chini ya sehemu, kama 1/√(x − 4), hata 4 yenyewe huondoka, na kikoa huwa x > 4. Masharti yote mawili yakikutana katika fomula moja, kama √(x − 2)/(x − 7), yote hutimizwa kwa pamoja: x ≥ 2, na x si 7.

Mtego wa kufupisha

Sehemu (x² − 4)/(x − 2) hufupishwa kuwa x + 2, kwa kuwa x² − 4 ni (x − 2)(x + 2). Mwanafunzi akifupisha kwanza kisha akatafuta kikoa, atasema ni namba halisi zote, na atakuwa amekosea. Kikoa hutafutwa kwenye fomula kama ilivyotolewa, kabla ya kukata chochote. Weka 2 katika fomula ya mwanzo: juu sifuri, chini sifuri, hakuna jibu. Basi 2 haimo, na kufupisha hakuwezi kuirudisha.

Kwenye grafu tofauti hiyo ni tundu moja dogo. Mstari wa y = x + 2 unapita bila kukatika; ule wa fomula ya mwanzo ni huohuo, ila kwenye nukta (2, 4) huchorwa duara tupu. Wapo walimu wanaoliona duara hilo kama urembo wa kuchosha. Lakini mwanafunzi aliyeelewa kwa nini lipo ameshaelewa kikoa, na baadaye, atakapofika kwenye kalkulasi, ndipo atakapoona kwamba somo zima la limiti linaanzia kwenye matundu ya namna hii.

Kikoa kinachotokana na hali halisi

Fomula inapoeleza jambo la kweli, aljebra peke yake haitoshi. Wafanyabiashara wa soko la Busia wakikodi pikapu kwa shilingi 6,000 na kugawana nauli, kila mmoja atalipa 6000/n, n ikiwa ni idadi yao. Aljebra inakataza n = 0 tu. Haioni ubaya wa n = −3, wala n = 2.5. Anayejua kwamba n ni idadi ya watu ndiye anayekata: kikoa ni 1, 2, 3 na kuendelea, hadi idadi ambayo gari linaweza kubeba. Grafu yake si mstari wa kupinda, ni nukta zilizoachana.

Malori ya barabara ya Malaba hutoa mfano wa kikoa chenye mwanzo na mwisho. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaweka ukomo wa tani 56 kwa uzito wote wa gari na mzigo wake. Kila ekseli nayo ina kiwango chake: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja zenye tairi nne kila moja tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24. Kwa hiyo lori la ekseli 6 lililopangwa hivyo lina ukomo wa 8 + 18 + 24, yaani tani 50. Tuseme lori tupu lina tani 18. Likibeba mzigo wa tani x, uzito wake ni m(x) = 18 + x. Fomula hii haikatazi namba yoyote, lakini kwa dereva anayetarajia kupita mizani ya Webuye, kwenye barabara hiyo, kikoa ni 0 ≤ x ≤ 32.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa wafanyabiashara wadogo, wengi wao kina mama, wanaovusha mahindi, maharagwe, mayai na ndizi. Jumuiya ina hati rahisi ya asili ya bidhaa, inayotolewa palepale mpakani kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, mradi thamani ya shehena isizidi dola 2,000 za Marekani. Hati hiyo huondoa ushuru wa forodha. Ada nyingine zinaweza kubaki. Ukiichukulia kama funksheni ya thamani ya shehena kwa dola, kikoa ni 0 < x ≤ 2000. Shehena ya dola 2,000 imo. Ya dola 2,001 haimo, na mwenye nayo atahitaji hati ya kawaida, yenye utaratibu mrefu zaidi.

Mama wa sokoni hahesabu kwa dola, ndiyo maana mfano huu una mafunzo zaidi. Tuseme dola moja ni shilingi 130 za Kenya. Thamani y kwa shilingi hugeuzwa kwanza kuwa y/130, kisha ndipo inaingia kwenye kanuni ya hati. Sharti y/130 ≤ 2000 linatoa y ≤ 260,000. Tuseme tena shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda: kwa anayehesabu kwa fedha za ng'ambo ukomo ni 7,280,000. Kanuni ni ileile, kikoa kinaandikwa upya kila kipimo kinapobadilika. Na kwa kuwa bei ya fedha hupanda na kushuka, mzigo uliokuwa ndani ya kikoa wiki jana waweza kujikuta nje leo bila gunia hata moja kuongezwa.

Kikoa katika mitaala ya pande mbili

Wazo la funksheni lina historia ndefu. Mwanahisabati Leonhard Euler aliifanya kuwa msingi wa kitabu chake cha 1748, na mwaka 1837 mwanahisabati mwingine, Dirichlet, aliieleza kama uhusiano unaoipa kila thamani tokeo lake, iwe kuna fomula au hakuna. Afrika Mashariki, lugha ya seti, ramani na vikoa iliingia shuleni kwa nguvu pamoja na mtaala ulioitwa hisabati mpya. Warsha ya kwanza ya kuandika vitabu vyake ilifanyika Entebbe mwaka 1962. Kenya iliiacha hisabati hiyo mwaka 1981 kwa agizo la Rais Moi. Muhtasari wa sekondari wa 8-4-4, mfumo wa elimu ulioanza 1985, haukuwa na mada inayoitwa funksheni. Uganda imeendelea kufundisha ramani na funksheni katika sekondari ya chini, na Tanzania hufundisha kikoa waziwazi katika kidato cha tatu.

Hivyo wanafunzi wawili wanaoishi pande mbili za mpaka huweza kukutana na jambo moja kwa namna mbili. Wa Uganda huulizwa moja kwa moja ni thamani zipi za x zinazoifanya funksheni ikose maana. Wa Kenya amekuwa akiambiwa ajaze jedwali na kuchora grafu ya y = x² + 2x − 3 kwa −4 ≤ x ≤ 2. Hilo −4 ≤ x ≤ 2 ndilo kikoa, ingawa karatasi ya mtihani haikitaji kwa jina; anayeendeleza mkondo hadi x = 3 amechora funksheni ambayo hakuulizwa.