Kaburi Lenye Tarehe huko Gedi na Utunzaji wa Makaburi ya Kale

Historia ya miji ya Waswahili imeandikwa kwa kutegemea hati za wageni, masimulizi ya wazee na mabaki yaliyofukuliwa ardhini. Pamoja na hayo kuna ushahidi usiotiliwa maanani ya kutosha, nao ni maandishi ya makaburini. Mfano wa Gedi, mji uliohamwa karibu na Malindi katika pwani ya Kenya, waonyesha thamani yake.

Wareno walikaa Malindi miaka mingi katika karne ya 16, lakini Gedi haikutajwa waziwazi katika maandishi yao. Umri wa mji huo ulijulikana hasa kwa uchimbaji wa James Kirkman, ulioanza mwaka 1948, kwa kuchunguza vyungu na kauri za China. Hata hivyo, kigae humwezesha mtaalamu kukadiria tu. Mwaka wenyewe umetajwa na kaburi moja: 802 wa Hijra, yaani 1399. Kama maandishi hayo yangalifutika, mwanahistoria angalibaki na makisio.

Kwa hiyo, kutunza kaburi ni kutunza hati. Makaburi ya kale ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mizizi ya miti huyapasua, na chumvi ya bahari huyala. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, mnara wa kaburi uliopambwa kwa bakuli za China ulianguka mwaka 1934. Hata mwenye nia njema aweza kuharibu: saruji ni ngumu kuliko matumbawe, huzuia unyevu usitoke, na jiwe humomonyoka nyuma yake. Yafaa ukarabati ufanywe kwa chokaa, miti ikatwe ingali michanga, wala maandishi yasisuguliwe kwa brashi ya chuma.

Zaidi ya hayo, maandishi yanakiliwe mapema. Orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani iliyochapishwa na Freeman-Grenville na Martin mwaka 1973 imekuwa akiba ya namna hiyo.

Kazi hiyo yaihusu Congo pia. Kiswahili kilienea Maniema katika karne ya 19, na majina na tarehe zilizoandikwa juu ya makaburi ya zamani ya nchi hii ni ushahidi kwa mwanahistoria na mwanaisimu vilevile. Jiwe lisilonakiliwa leo huenda kesho lisisomeke.