Juma Ikangaa na mbio za kutangulia

Juma Ikangaa, mwanariadha wa marathoni aliyezaliwa mwaka 1957, alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alikuwa mfupi wa kimo, na wapinzani wake waliujua vyema mtindo wake: kuchomoka mapema, kuongoza kwa kasi kali na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza. Mtindo huo haukuwa mgeni nchini. Mwaka 1974, Filbert Bayi aliongoza fainali ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Lakini marathoni ni kilomita 42. Anayetangulia hukata upepo peke yake, na anayemfuata hujiwekea akiba ya nguvu.

Gharama hiyo ilionekana katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1982 mjini Brisbane, Australia. Ikangaa na Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, waliwaacha wengine mbali. Shahanga alipochoka, Ikangaa aliendelea peke yake mpaka Robert de Castella wa Australia alipomfikia katika kilomita za mwisho. Wakapokezana uongozi, kisha de Castella akashinda kwa saa 2:09:18 dhidi ya 2:09:30 za Ikangaa. Mwaka uliofuata huko Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alimpita wakiwa tayari ndani ya uwanja, akamshinda kwa sekunde tatu. Boston mwaka 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 na 1990 Ikangaa alishika tena nafasi ya pili katika mbio hizo.

Hata hivyo, ushindi haukumkosa. Alishinda Tokyo mwaka 1984 na 1986, na Fukuoka mwaka 1986. Katika Olimpiki alikuwa wa sita Los Angeles mwaka 1984 na wa saba Seoul mwaka 1988.

Ushindi wake mkubwa zaidi ulikuja New York, Novemba 1989. Safari hii waliomfukuza hawakumfikia. Alimaliza kwa saa 2:08:01, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Ken Martin wa Marekani, akaweka rekodi mpya ya mbio hizo. Rekodi hiyo ilidumu miaka 12, hadi Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipokimbia kwa saa 2:07:43 mwaka 2001.