Redio ya ridhaa Mwanza: Jinsi ya kufunga antena na ethi kwenye ardhi ya mawe

Umepata redio, umepata leseni ya TCRA na alama yako ya wito inayoanza na 5H. Kazi iliyobaki iko nje ya nyumba: antena na ethi. Na kwa Mwanza, kazi hiyo ina mambo yake.

Kwa nini ethi ni lazima huku

Kanda ya Ziwa inapigwa na radi nyingi sana. Mchana mawingu hukua nchi kavu, usiku ngurumo zinahamia ziwani, mara nyingi hadi alfajiri. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mkoani Geita. Waya mrefu uliopandishwa juu ya bati sio kitu cha kuchezea.

Tatizo la mawe

Kwenye udongo mzuri, fundi anapigilia ethi rodi ya shaba ya mita 1.2 au 2.4, kazi imeisha. Jaribu hivyo kwenye miamba ya Capri Point au Mabatini: rodi inagonga jiwe nusu mita tu. Usiikate ukajiona umemaliza. Fanya hivi:

- Tafuta sehemu zenye udongo wa unyevu, mfano kwenye migomba au maji ya bafu yanapomwagikia. Weka rodi mbili au tatu, zikiachana angalau mara mbili ya urefu wa rodi moja.
- Rodi isiposhuka wima, ipigilie kwa kuilaza upande. Au chimba mtaro wa nusu mita, ulaze humo waya wa shaba usio na ganda, kisha ufukie.
- Mkaa unasaidia kutunza unyevu. Chumvi inaoshwa na mvua na inakula chuma, usiitegemee.
- Mwite fundi mwenye kipimo cha ethi. Wengi wanalenga omu 10 au chini ya hapo.

Kuna wanaodhani ukiwa karibu na ziwa ethi inakuwa nzuri yenyewe. Hapana. Maji ya Victoria ni maji baridi, hayapitishi umeme kama bahari ya Dar es Salaam. Bomba la maji nalo usiliamini, mengi siku hizi ni ya plastiki.

Ethi zote ziwe moja

Hapa ndipo wengi wanakosea. Ethi ya redio ikiachwa peke yake na ethi ya umeme wa nyumba peke yake, radi ikipiga jirani tu volti za sehemu hizo mbili zinapishana. Umeme utatafuta njia ya kusawazisha, na njia hiyo ni redio yako, au wewe uliyeshika maiki. Ziunganishe kwa waya mnene wa shaba, milimita za mraba 16 au zaidi, usiopinda kona kali. Upande wa nyumba aufunge fundi umeme mwenye leseni.

Antena rahisi ya kuanzia

Anza na daipoli. Gawanya 142.5 kwa masafa yako ya megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 7.1, ni mita 20, yaani mita 10 kila upande. Kwa 14.2, ni mita 5 kila upande. Kata kwa kuzidisha kidogo, halafu punguza taratibu huku ukisoma mita ya SWR. Waya wa umeme wa 2.5 unatosha kabisa.

Daipoli ya megahezi 7 ukiifunga chini, mita 6 hadi 8, inarusha mawimbi juu yakarudi karibu: mchana unaongea na Bukoba, Musoma, Kigoma hata Dodoma. Ukitaka Ulaya, ipandishe zaidi, au tumia megahezi 14. Uzuri wa Mwanza ni kwamba jiwe kubwa nyuma ya nyumba linakupa urefu bila mlingoti.

Nyaya za TANESCO

Kabla ya kusimamisha bomba, jiulize: likianguka, linafika kwenye nyaya za umeme? Kama ndiyo, hama. Acha nafasi ya mara moja na nusu ya urefu wa mlingoti. Usipitishe antena juu wala chini ya laini, hata ya jirani.

Radi ikianza

Hesabu sekunde kuanzia mwanga hadi mngurumo. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Wakati huo usiguse waya wa antena tena, kaa mbali na redio. Kwa hiyo chomoa mapema, wingu likianza kujenga: toa kebo ya antena na uiache nje ya dirisha ikiwa imefungwa kwenye ethi, chomoa na plagi ukutani. Msimu wa mvua, chomoa kila unapoenda kulala. Ethi nzuri inapunguza madhara, lakini hakuna ethi inayoiokoa redio iliyochomekwa radi ikipiga moja kwa moja.